Fundi Akiumia Karakanani: Bima, Fomu na Siku Saba

Mwenye karakana ya vyuma Changamwe au godauni Shimanzi, Mombasa, huulizwa karatasi ya bima siku mbili tu: siku ya ukaguzi, na siku ambayo fundi amefungwa kitambaa chenye damu mkononi. Hiyo ya pili ndiyo inayofilisi watu.

Sheria ya Kenya ya Mafao ya Majeraha ya Kazini ya 2007, ambayo wengi tunaiita WIBA, inamtaka kila mwajiri awakatie wafanyakazi wake bima kwa kampuni iliyoidhinishwa. Hata mwenye mfanyakazi mmoja. Mwanagenzi anayejifunza kazi kwako naye yumo. Na gari lako likiwabeba wafanyakazi asubuhi kutoka Likoni kuja kazini, ajali ya njiani inahesabiwa ni ya kazini.

Kosa la kwanza hufanyika kwa wakala wa bima. Unauliza ya bei nafuu, unapewa bima ya ajali binafsi ya kikundi. Hiyo ni bima nzuri, lakini haikuondolei wajibu wa WIBA. Soma jina la sheria kwenye hati yenyewe kabla ya kulipa. Kadi ya SHA, ile bima ya afya ya serikali, pia haisimami badala yake, kwani fidia ya kidole kilichopotea haimo humo.

Kosa la pili ni kutangaza mishahara pungufu ili ada ishuke. Ada hupigwa kwa jumla ya mishahara na hatari ya kazi. Ukiandika watu 4 ilhali wako 9, au mshahara wa shilingi 15,000 kwa mwezi kwa anayelipwa 30,000, bima ina haki ya kukurudishia pengo ulibebe mwenyewe. Na pengo si dogo. Ulemavu wa kudumu wa asilimia 100 hulipwa mishahara ya miezi 96, na kifo vilevile kwa wategemezi. Kwa mshahara wa 30,000 hiyo ni 2,880,000. Daktari akipima ulemavu wa asilimia 10, ni 288,000.

Ajali ikitokea, mpeleke hospitali kwanza. Usafiri ni juu yako. Kisha anza kuhesabu siku. Una siku 7 tangu upate habari kuripoti kwa ofisi ya usalama na afya kazini, DOSH, kwa fomu ya DOSH/WIBA 1. Akifa mtu, ofisi ijulishwe ndani ya saa 24. Wajulishe bima siku hiyo hiyo, kwa maandishi, maana hati yao nayo ina muda wake.

Fomu ina sehemu yako na sehemu ya daktari. Yako ndiyo huharibika. "Aliumia mkono akiwa kazini" haitoshi. Andika hivi: "Saa 4 asubuhi, diski ya grainda ilipasuka akikata flatiba, kipande kikamkata kidole cha shahada cha mkono wa kushoto." Taja shahidi. Mshahara uandike ule ule ulio kwenye daftari, kwani fidia yote inajengwa juu ya tarakimu hiyo. Daktari ajaze sehemu yake baada ya jeraha kutulia. Akipima mapema, asilimia inaweza kutoka pungufu na mfanyakazi akaonewa.

Dai lisipowasilishwa ndani ya miezi 12 tangu ajali, haki inaweza kupotea. Likishawasilishwa, mwajiri au bima ana siku 90 za kulipa. Asiyeridhika na uamuzi wa mkurugenzi wa DOSH ana siku 60 za kupinga, kisha siku 30 za kukata rufaa kwenye Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

Kuhusu vibarua: walipe kwa M-Pesa au kwa sahihi, na uandike jina, tarehe, kazi na kiasi. Rekodi za mishahara zinatakiwa kutunzwa miaka 6. Kibarua aliyefanya kazi mwezi mzima mfululizo hana tena ukibarua mbele ya sheria. Ni mfanyakazi wa mwezi.

Sasa, kukosa kazi. Kenya haina mfuko wa bima ya ukosefu wa ajira, na NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii unaoukatia kila mwezi, ni ya uzeeni. Kazi ikipungua, mzigo unakuangukia wewe. Ukipunguza watu, mpe notisi ya mwezi mmoja kwa maandishi mhusika (au chama chake, kama ni mwanachama) pamoja na ofisi ya leba. Kisha umlipe likizo aliyobakiza na mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka kamili aliofanya kazi. Wa 30,000 aliyekaa miaka 4, ukigawa mwezi kwa siku 30, ni 60,000, na 30,000 nyingine kama hukumpa notisi. Weka kando 1,250 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi wa mshahara huo, kwenye akaunti usiyonunulia vyuma.