Intaneti ya nyumbani Ujerumani ikisuasua, pima mara 30

Tangu Desemba 2021, sheria ya Ujerumani inampa mteja haki mbili intaneti ya nyumbani isipofika kasi iliyoahidiwa: kupunguza malipo kulingana na upungufu, au kuvunja mkataba. Wenzetu wengi huko wanaendelea kulipa kamili, na inauma, maana kinachotakiwa ni ushahidi tu. Picha ya kipimo kimoja cha usiku haitoshi.

Anza na karatasi iitwayo Produktinformationsblatt, yaani taarifa za huduma uliyolipia. Ina kasi tatu: ya juu, ya kawaida na ya chini.

Kisha weka kwenye kompyuta programu ya Breitbandmessung, ya Bundesnetzagentur, mamlaka ya serikali inayosimamia mawasiliano. Unapima mara 10 kwa siku, siku tatu zisizofuatana, ndani ya wiki mbili. Kati ya kipimo cha 5 na cha 6 pumzika saa tatu. Wifi haikubaliki: chomeka kebo ya LAN kwenye ruta, zima VPN, na waliomo nyumbani wasitishe video zao.

Kebo ndiyo huharibu kazi mara nyingi. Umelipia kasi ya Mbps 250 (megabiti kwa sekunde) na namba inaganda kwenye 94 kila ukipima? Usiilaumu kampuni bado. Ndani ya kebo mna nyaya nane. Mmoja ukikatika, vifaa hutumia nne tu na kushuka hadi Mbps 100. Badilisha kebo. Baadhi ya ruta za FRITZ!Box nazo huweka mlango wa LAN kwenye hali ya kuokoa umeme, yenye kikomo hicho hicho. Ibadilishe kwenye mipangilio.

Kwa mkataba huo wa 250, kampuni imekosea kama siku mbili kati ya tatu hakuna hata kipimo kimoja kilichofika 225, yaani asilimia 90. Kasi ya kawaida nayo ionekane angalau kwenye vipimo 27.

Vipimo vikiwa safi lakini huduma moja tu ya video inakwama, hilo ni suala la usawa wa mtandao. Kanuni ya Umoja wa Ulaya 2015/2120 inakataza kubana au kupendelea huduma fulani. Ndiyo iliyoziangusha mahakamani Septemba 2021 StreamOn ya Telekom na Vodafone Pass, ofa za simu ambazo hazikuhesabu data ya huduma fulani. Tumia Wehe, programu ya simu kutoka Chuo Kikuu cha Northeastern: hupitisha data ya video ilivyo, kisha ikiwa imefichwa sura ili mtandao usiitambue. Rudia mara kadhaa, saa tofauti. Iliyofichwa ikizidi kupita upesi kuliko nyingine, andika tarehe na saa, uwapelekee Bundesnetzagentur.