Maswali ya Wasomaji: Je, Kukataa Utumishi Ndiko Kunyenyekea?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Wazee wa kanisa wameniomba niongoze kikundi cha maombi, nami nimewakatalia kwa sababu najijua. Nina hasira za karibu, na kaka yangu hatujasemezana tangu tulipogombania urithi. Wenzangu wananiambia kwamba Mungu huwatumia hata watu dhaifu, lakini mimi naona kukataa ndiko kunyenyekea. Nani anasema kweli? – Dada mwenye mashaka

JIBU: Dada mpendwa, nyote mna sehemu ya ukweli, ila wewe na wenzako mmeishia njiani.

Tuanze na wewe. Mose alipoitwa penye kijiti kilichowaka moto alisema kwamba ulimi wake ni mzito, na Mungu hakumbishia katika hilo. Alimuuliza tu ni nani aliyekifanya kinywa cha mwanadamu, akamwahidi kuwa pamoja naye. Hasira ya Bwana iliwaka baadaye, Mose alipokwisha kupewa ahadi hiyo na bado akaomba atumwe mtu mwingine (Kutoka 4:10-14). Kuukiri udhaifu hakukuwa kosa, bali kuugeuza kuwa ngao ya kujikinga na wito. Paulo naye anajiita mdogo katika mitume, asiyestahili hata jina hilo kwa kuwa aliliudhi kanisa la Mungu, na papo hapo, bila haya, anaongeza kwamba amefanya kazi kupita wote, wala si yeye bali neema ya Mungu iliyo pamoja naye (1 Wakorintho 15:9-10). Mtu anayeyatazama mapungufu yake peke yake bado anajitazama mwenyewe, hata kama anachokiona hakimpendezi.

Sasa wenzako. Usemi wao ni wa kweli, lakini mara nyingi husemwa haraka mno, hasa pale ambapo hakuna anayetaka kumwambia ndugu yake jambo gumu. Wengi huutegemeza kwenye maneno ya Paulo kuhusu hazina iliyo katika vyombo vya udongo (2 Wakorintho 4:7), ilhali mistari inayofuata inazungumzia dhiki, mateso na mwili unaochakaa, si dhambi inayofugwa. Petro aliyehubiri siku ya Pentekoste ndiye huyo huyo aliyejitenga na Wakristo wa Mataifa kule Antiokia kwa kuwaogopa watu, na Paulo hakusema kwamba hiyo ni hulka yake tu, bali alishindana naye uso kwa uso (Wagalatia 2:11-14). Mungu kumtumia mtu hakumaanishi kwamba ameridhika na kila kilichomo ndani yake.

Kanisa la Afrika Kaskazini liligawanyika kwa swali linalokaribiana na lako. Katika mateso yaliyoanza mwaka 303, chini ya Kaisari Diokletiano, baadhi ya viongozi waliwakabidhi watesi vitabu vya Maandiko, na baadaye Wadonatisti, kundi la Wakristo lililojitenga na wengine kwa sababu hiyo, wakashikilia kwamba huduma ya watu wa namna hiyo ni batili. Augustino, askofu wa Hippo, aliwajibu kwamba anayebatiza ni Kristo mwenyewe, hata kama mtumishi hafai. Na mkutano uliofanyika Karthago mwaka 411 uliamuliwa dhidi ya Wadonatisti. Jibu hilo lilikusudiwa kuwatuliza wanaohudumiwa (mhudumu anayelitumia kujistarehesha ameliiba). Kwako lina maana kwamba maombi ya wenzako hayatapoteza nguvu kwa sababu yako, wala hayatapata nguvu kutoka kwako.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba uwarudie wazee, uwaeleze habari ya hasira yako na ya kaka yako kama ulivyotueleza sisi, kisha uwaachie waamue wakijua wanamwomba nani. Wakiendelea kukuomba, kubali, na uwasihi wakupe mwenzi wa kuongoza pamoja nawe, mwenye ruhusa ya kukukanya. Ama kuhusu kaka yako, Yesu aliagiza sadaka iachwe mbele ya madhabahu mpaka mtu apatane na ndugu yake (Mathayo 5:23-24), na agizo hilo halikungoji uwe kiongozi. Huenda akakataa kukusikiliza, nawe huwezi kumlazimisha. Lakini kumtafuta kunakuhusu wewe, ukikubali uongozi au usipokubali.