Kidonge cha malaria ukiwa misheni: kimeze, na kikikuzingua sema

Juzi kijana mmoja kaniandikia inboksi: "Shikamoo afande, nimepangwa misheni ya kulinda amani Congo, eti hizi dawa za kuzuia malaria ni kweli zinamaliza nguvu za kiume?" Nikacheka halafu nikakasirika, maana swali hilo nimelijibu kila rotesheni, yaani kila zamu ya kikosi kwenda misheni, nilipokuwa muuguzi wa kombania, nimestaafu na bado linanifuata. Jibu ni hapana. Na uvumi wenyewe ni mzee kuliko sisi wote, vita kuu ya pili ilikuwepo mepakrini, kidonge cha kuzuia malaria kilichokuwa kinageuza ngozi ya mtu kuwa ya njano, askari wakawa wanakitema kwa sababu hiyohiyo, wanaogopa wakirudi nyumbani itakuwaje.

Kule Burma (leo Myanmar), ambako mwaka 1944 babu zetu wa Keya, wale askari wa KAR wa jeshi la mkoloni Mwingereza, walipita bonde la Kabaw lenye malaria ya kutisha, Jenerali Slim, kamanda wa jeshi la Waingereza huko, aliamua kosa si la askari peke yake ni la mkubwa wake. Anatuma watu kwa kushtukiza, kila mtu anapimwa kama kidonge kimo mwilini, ikitoka chini ya asilimia 95 mkuu wa kikosi anaachishwa. Aliwaachisha watatu, waliobaki wakaelewa somo.

Mimi sikuwa na madaraka ya kumfukuza mtu lakini nilikuwa na beseni la vidonge na mdomo. Tulipokuwa upande wa Beni, mashariki mwa Congo, baada ya chakula cha jioni nasimama mlangoni pa mesi, mtu anameza mbele yangu, anakunywa maji, anafungua mdomo nione, ndipo anapita. Waliniita mama mkwe. Sawa tu, kombania yetu ndiyo iliyokuwa na homa chache kambini nzima na hilo hakuna wa kuninyang'anya, ingawa siku ya kugawa pongezi jina lililosomwa halikuwa langu. Tuyaache hayo.

Wabishi wakubwa walikuwa watoto wa Muheza na Kyela, "sisi malaria tumezaliwa nayo". Ndugu yangu, ile kinga ya utotoni ni nusu tu na ukikaa miaka mingi mahali pasipo na mbu wengi inapungua yenyewe, wala haijawahi kumfunga mtu asiumwe. Na mwenzako wa Makete aliyekulia kwenye baridi hana hata hiyo nusu. Wamarekani waliposhuka Liberia mwaka 2003, muda mfupi tu, askari wao wa Marines kama 80 hivi walilala na malaria, na dawa walikuwa wamepewa, shida ni kwamba wengi hawakuwa wanaimeza inavyotakiwa. Dawa ikiwa mfukoni mbu hana habari nayo.

Sasa tuongee doksisaiklini maana ndiyo wengi mtapewa. Ni miligramu 100 kila siku, unaanza siku moja au mbili kabla ya safari. Umeze umeshiba, maji mengi, halafu usilale, kaa au tembea angalau nusu saa. Nasema hivi kwa sababu askari anatoka lindo saa nane usiku, anakumbuka kidonge, anakimeza kwa mate anajitupa kitandani, kidonge kinanasa kooni kinachoma, asubuhi anashika kifua anadhani ni moyo. Jua pia, ngozi inaungua haraka, hata yetu nyeusi, vaa kofia na mikono mirefu. Na zile magnesiamu mnazotafuna kwa ajili ya gesi, pamoja na vidonge vya kuongeza damu, usivimeze wakati mmoja na doksi, vinaizuia isiingie mwilini. Akina dada, ukihisi una mimba njoo useme mapema ubadilishiwe. Ni hayo tu, si sayansi ya roketi.

Kinachoniuma mpaka leo ni ile nyingine, meflokwini, ya mara moja kwa wiki, wengi wanaijua kwa jina la Lariam. Inazuia malaria vizuri, sitadanganya, na kuna watu wameitumia hawakuona chochote. Lakini wapo inaowaingia kichwani, ndoto za kutisha, hofu, kizunguzungu, masikio kulia, kuwashuku watu. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliiwekea onyo kali kuliko yote, kwamba mengine yanaweza yasiondoke hata ukiacha dawa. Nilikuwa na kijana mmoja mtulivu sana, akaanza kutolala, akaniambia mwenzake wa hema anamsikiliza akiota. Na huyo kijana ana silaha, anapanda lindo! Nikampeleka juu nikaomba abadilishiwe dawa, mkubwa mmoja akanijibu mbele za watu kwamba huyu ni mwoga anatafuta ndege ya nyumbani na mimi namsaidia. Nilirudi kesho yake, na keshokutwa, mpaka daktari akamwona na kumbadilishia. Aliyenitukana hajawahi kusema samahani wala sitegemei.

Kwa hiyo kama umewahi kuugua akili, kifafa, au msongo mzito baada ya vita, liseme kabla hujapokea hiyo dawa. Huanzwa wiki mbili tatu kabla ya kuondoka, na faida mojawapo ni kwamba mambo mengi ya kichwa hujitokeza ukiwa bado nyumbani. Ukiona dalili, usiache kimyakimya ukabaki mtupu, nenda ubadilishiwe. Wakubwa mnaosoma hapa, askari akija na hayo msikilizeni, msimwite mwoga.

Halafu kurudi. Watu wakishaona taa za Dar wanatupa vidonge! Vimelea vinapita kwanza kwenye ini ndipo vinatoka kwenda kwenye damu, na doksi inavisubiri huko kwenye damu, ndiyo maana unaendelea wiki nne baada ya kurudi. Meflokwini vilevile wiki nne. Ile dawa ya tatu, ya mchanganyiko wa atovakwoni na progwanili, inapiga hadi kwenye ini, kwa hiyo siku saba zinatosha. Na hakuna inayozuia kwa asilimia mia, chandarua kipo palepale, na ukipata homa hata miezi imepita nenda ukapime, mwambie daktari ulikuwa Congo na ulimeza nini, asipouliza mwambie. Usijinywee mseto kwa kubahatisha.

Vidonge vikibaki usivigeuze zawadi za kijijini. Doksi haifai kwa mjamzito wala mtoto mdogo, na nimeona mtu anaigawa kama pipi. Vilivyozidi virudishe kwa muuguzi, na shangazi akiomba viwili vya akiba mnyime, atanuna, atazoea.