Jibu: Mtu mwenye akili zake anaingiaje kule?

Dada, pole sana. Umeuliza mdogo wako, msomi kabisa, amewezaje kumkabidhi mhubiri akiba yake yote na kuacha kupokea simu zenu. Si ujinga. Hakuna anayejiunga na kundi la mauti. Anajiunga na watu waliompokea siku alipokuwa na kidonda moyoni.

Tazama msitu wa Shakahola, kule Kilifi, Kenya. Mhubiri Paul Mackenzie, anayedaiwa kuwaambia wafuasi wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu, hakuanza na njaa. Alianza na kanisa mjini Malindi na mahubiri ya televisheni. Baadaye shule ikawa dhambi, hospitali dhambi, Huduma Namba, namba ya utambulisho ya serikali, ikawa alama ya mnyama. Kila fundisho lilikata kamba moja: kazi, daktari, ndugu. Mwaka 2019 kanisa likafungwa, na wafuasi wakamfuata msituni, wengine wameuza kila kitu. Huko nani angewaambia vingine? Kuanzia Aprili 2023 makaburi yalifukuliwa, miili ikapita 400, watoto wakiwemo. Mackenzie alikana mashtaka. Kinachoniumiza mpaka leo ni wale waliokutwa wamebaki mifupa na ngozi, na bado baadhi yao wakakataa chakula.

Kwa hiyo usimtukane mhubiri wake. Mdogo wako ameshaambiwa kwamba mtamtukana, mtakuwa mnathibitisha tu. Endelea kumpigia, hata asipopokea. Mtumie picha za wapwa zake, muulize amekula nini leo. Ila ukisikia habari ya mfungo usio na mwisho, au watoto wametolewa shule, nenda polisi siku hiyohiyo.