Oksijeni 98% baada ya moto wa chumbani: je, mapafu yamesalimika?

Swali: Mimi ni tabibu katika hospitali ya wilaya. Tumempokea kijana wa miaka 30 aliyetolewa chumbani baada ya godoro kushika moto. Ameungua 20% ya mwili, uso ukiwemo, na nywele za puani zimebabuka. Anaongea vizuri, kipimo cha kidoleni kinasoma 98%, eksirei ya kifua ni safi. Bronkoskopu (kamera ya kutazama ndani ya njia ya hewa) hatuna. Nitajuaje moshi umemdhuru kiasi gani, na niweke lini mpira wa kupumulia kooni?

Jibu: Ndugu tabibu, hiyo 98 usiitegemee. Kipimo cha kidoleni husoma rangi ya damu, na hemoglobini iliyoshikwa na kaboni monoksidi huihesabu kama ile iliyobeba oksijeni. Hata theluthi ya hemoglobini ikiwa imeshikwa na gesi hiyo, bado unaweza kusomewa 98. Eksirei ya siku ya kwanza nayo huwa safi mara nyingi. Ihifadhi uilinganishe na ya kesho na keshokutwa.

Tunaposema mtu amevuta moshi, tunataja majeraha matatu kwa jina moja, na kila moja lina saa yake. Sumu huua ndani ya dakika na saa za mwanzo. Koo huvimba polepole na kufikia kilele ndani ya saa 12 hadi 36. Mapafu huonyesha madhara kuanzia siku ya pili. Kwa hiyo kipimo kimoja cha saa ya kwanza hakiwezi kukuambia ukali wote.

Anza na sumu. Mpe oksijeni kwa barakoa yenye mfuko wa akiba, lita 15 kwa dakika, bila kusubiri majibu ya maabara. Kwa hewa ya kawaida, nusu ya kaboni monoksidi hutoka damuni baada ya saa 4 hadi 5. Kwa oksijeni kamili ni dakika 60 hadi 90. Hapa wengi hukwama: konsentreta (mashine inayochuja oksijeni kutoka hewani) ya lita 5 haiwezi kuujaza mfuko huo, tumieni mtungi. Endeleeni angalau saa 6. Kama hospitali ya rufaa ina mashine inayopima gesi hiyo yenyewe, damu ya mshipa wa kawaida inatosha, ila andika saa uliyoichukua na saa oksijeni ilipoanza, maana jibu dogo baada ya saa mbili za oksijeni halimaanishi sumu ilikuwa ndogo.

Angeletwa akiwa amechanganyikiwa au amezimia, usingesema ni maumivu ya moto. Kuungua peke yake hakumpotezei mtu fahamu mapema hivyo. Fikiria kaboni monoksidi, jeraha la kichwa, sukari kushuka, kifafa kilichomwangusha motoni, na sianidi. Godoro la sponji likiungua hutoa sianidi, sumu inayozuia mwili kutumia oksijeni. Ishike dhana hiyo ya sianidi presha ikishuka kuliko jeraha linavyoeleza, au laktati (asidi inayopanda damuni mwili ukikosa oksijeni) ikifika 8 mmol/L na kuendelea. Dawa yake ni hidroksokobalamini, gramu 5 kwa mtu mzima ndani ya dakika 15 kwa dripu, miligramu 70 kwa kilo kwa mtoto. Chukua damu ya vipimo kwanza, kwa sababu dawa hiyo huipaka damu na mkojo rangi nyekundu na kuvuruga majibu. Ampuli za miligramu 1 zilizoko kwenye kabati la wodi hazitoshi kabisa, zingehitajika 5,000.

Sasa koo, ambalo kwa kijana huyu ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Kila saa mwambie ataje jina lake na sentensi nzima, na msikilizaji awe yuleyule. Sauti ikianza kukwaruza, mate yakimshinda kumeza, au akikoroma kwa ukali anapovuta hewa, usisubiri tena, weka mpira. Mulika tochi mpaka nyuma ya kinywa: masizi yanaonyesha moshi ulipita, lakini malengelenge au kimio (kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa) kilichovimba ndivyo vinavyoonyesha jeraha. Nywele za puani peke yake si sababu ya kuweka mpira. Wagonjwa wengi huwekewa kwa ajili hiyo tu na kutolewa kesho yake, huku mpira wenyewe una hatari zake. Kwa mtoto, punguza subira yako: njia ya hewa yenye upana wa milimita 4 ikivimba milimita 1 kila upande, hupoteza robo tatu ya nafasi yake.

Ukiamua kuweka, tumia mpira namba 8 (upana wa ndani milimita 8) kwa mwanamume, maana masizi na utando uliobanduka huziba mpira mwembamba. Usiukate: uso utavimba na kuuvuta nje. Ufunge kwa utepe wa kitambaa, plasta haishiki kwenye ngozi inayovuja maji. Suksinilikolini, dawa ya kulegeza misuli wakati wa kuweka mpira, inafaa ndani ya saa 24 za kwanza tu. Baadaye hupandisha potasiamu na kuweza kusimamisha moyo.

Kwa mapafu, fuatilia kasi ya kupumua, makohozi meusi na milio ya filimbi. Mkiwa na kipimo cha gesi za damu, gawanya shinikizo la oksijeni damuni (mmHg) kwa sehemu ya oksijeni katika hewa anayopewa: 90 kwa 0.5, yaani oksijeni 50%, ni 180, na chini ya 200 si hali ya kubaki wilayani. Bronkoskopu hupanga jeraha kuanzia 0 hadi 4, ila daraja hilo halitabiri vizuri nani atapona, kwa hiyo kuikosa kusikukatishe tamaa. Maji usimnyime kwa hofu ya mapafu. Waliovuta moshi huhitaji zaidi ya hesabu ya kawaida ya maji ya aliyeungua. Fuata mkojo, nusu mililita kwa kilo kwa saa. Steroidi na antibaiotiki za kukinga hazina kazi hapa.

Alama ya Baux iliyorekebishwa hukadiria hatari ya kifo kwa kujumlisha umri na asilimia iliyoungua, na moshi huongeza 17: kijana wako, miaka 30 na 20%, angekuwa 50, na jeraha la moshi likithibitika anakuwa 67.

Mkimpeleka rufaa, waandikie saa ya moto, saa na lita za oksijeni, laktati, na sauti yake ilivyokuwa ulipomsikiliza mara ya mwisho kabla gari halijaondoka. Ikiwa imebadilika na safari ni ndefu, mpira uwekwe hapo hapo wilayani.