Kabla Hujapanda Mlima, Ulizia Jina Lako

Wiki iliyopita binti mmoja wa mwaka wa tatu, anayesomea wanyamapori, aliniandikia. Mtafiti kutoka ng'ambo amempa kazi ya miezi kadhaa kwenye milima ya Udzungwa: posho nzuri, hema na chakula juu yao. "Dada, niende? Na nibebe nini?" Nilimjibu kwa mistari miwili, kisha usingizi ukanipaa. Jibu kamili ni hili, na ninyi wengine mnaoota kazi za porini chukueni chenu humo.

Nenda, mdogo wangu. Hilo halina mjadala.

Mimi nilikwenda nikiwa na umri kama wako. Basi lilitupitisha Mikumi, Kidatu, miwa kushoto na kulia, hadi Mang'ula, ambako msitu unaanzia karibu kabisa na nyumba za watu. Mama alikuwa ameshawatangazia majirani kwamba mwanawe amepata kazi ya maana. Alipoelewa kuwa kazi yenyewe ni kushinda nikifuata kima, alinyamaza, halafu akauliza, "Na hao kima, wakipotea, unakatwa mshahara?"

Kima wenyewe ni mangabe wa Sanje, ambaye duniani kote yupo Udzungwa tu. Unatoka kambini alfajiri, giza bado, ufike chini ya mti walikolala kabla hawajashuka. Ukichelewa, siku imekwenda na maji. Wakishuka unaandamana nao, na kila baada ya dakika kumi unaandika nani anakula, nani amekaa, nani anamchambua nani manyoya. Mbega wekundu hukaa juu mitini. Mangabe yeye hupenda kushuka na kufukuafukua majani makavu akitafuta mbegu na wadudu. Ukitulia unasikia meno yakipasua mbegu ngumu, ka!, kabla hata hujamwona mlaji. Sauti hiyo naijua mpaka leo, naweza kukuonyesha upande gani wa bonde inatoka huku nimefumba macho. Wenye shahada kubwa kuliko yangu hawawezi. Nasema kweli, sijisifu. Haya, najisifu kidogo.

Siafu, kupe, upupu, mvua za masika zinazonyesha hadi hema linaota ukungu: hayo utayakuta, utayazoea, sina haja ya kukutisha. Beba penseli. Kalamu ya wino ikilowa, kazi ya siku nzima inageuka doa la bluu. Penseli haijali maji.

Kingine: usivae suruali ya kijani. Mwaka 2011 hifadhi ilipiga marufuku kuokota kuni ndani, jambo ambalo kabla ya hapo wanawake wa vijijini waliruhusiwa kwa utaratibu. Mimi nikapita sokoni na suruali yangu ya kijani na viatu vizito, na muuza ndizi ambaye jana yake alikuwa ananiita mwanangu akageukia upande wa pili. Kwake nilikuwa askari wa hifadhi. Nilinunua kanga siku hiyohiyo.

Sasa nifike kwenye lililoninyima usingizi.

Mzee aliyetuongoza njia alikuwa amewinda misitu ile ujanani, enzi ambazo haikuwa hifadhi ya taifa (ilitangazwa 1992). Aliokota ganda la mbegu, akalinusa, akasema kundi limepita asubuhi au limepita jana, na hakukosea. Wanasayansi walimjua mangabe wa Sanje mwaka 1979. Yeye alimjua tangu utotoni. Alinifundisha kutofautisha majike kwa mikia na makovu, nami nikayaandika yote, ukurasa baada ya ukurasa. Jioni mkuu wa mradi alipokea daftari, akapiga picha kurasa, akanirudishia huku akisema, "Kazi nzuri sana." Nikalala nikitabasamu.

Andiko lilipotoka jaridani nilitafuta jina langu juu, kwa waandishi. Halikuwepo. Nikalikuta mwishoni kabisa, kwenye shukrani, na limekosewa herufi. Mzee hakuwa na jina hata la kukosewa; alikuwa "wasaidizi wenyeji". Miaka imepita na bado nikiliona andiko lile limenukuliwa mahali, kifua kinabana.

Na usiniambie ndivyo sayansi ilivyo. Mwaka 2005 kipunji alipotangazwa rasmi kwenye jarida la Science, kima aliyeonekana Rungwe na pia huku Udzungwa, waandishi walikuwa saba, na wawili kati yao ni Watanzania, Noah Mpunga na Sophy Machaga. Hata jina kipunji ni la wenyeji wa Rungwe. Kwa hiyo inawezekana. Anayekuambia haiwezekani hataki tu.

Basi, vijana, tuelewane. Mtafiti wa nje anapoomba kibali COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, hutakiwa awe na mshirika Mtanzania. Uliza mshirika huyo ni nani, umpigie simu kabla hujafunga begi. Uliza mapema: nikikusanya data na kushiriki kuzichambua, jina langu litakaa wapi? Ulizia kwa maandishi, barua pepe inatosha. Utaona aibu, tumelelewa hivyo, mgeni haulizwi maswali makali. Ulizia na aibu yako hivyohivyo. Daftari lako liwe na nakala. Jioni, hata kama umechoka kiasi cha kulala na gambuti mguuni, nakili. Nimesema nakili? Nakili. Na mkataba wa posho usome mpaka mstari wa mwisho, maana wengi tunasoma tarakimu tu.

Wewe nawe ukiwa mkubwa wa mradi usije ukamfanyia mwenzako nililofanyiwa. Mwaka huu andiko langu la kwanza nikiwa mwandishi kiongozi limekubaliwa, na mwongoza njia wangu ni mwandishi wa tatu. Jarida likadai barua pepe ya kila mwandishi. Mzee hana, ana simu ya kitochi ambayo huizima kutunza chaji. Tukaweka ya mjukuu wake anayesoma Ifakara, na sasa ni yule kijana anayepokea mialiko ya makongamano ya Ulaya, kila moja na ada yake, akimwita babu yake "Mheshimiwa Profesa".