Usiloweke opali yako kabla hujajua ni ya aina gani

Jamani wenye pete za opali, lile jiwe la thamani linalocheza rangi nyingi, kuna hii kitu watu wanaambizana kwamba opali ilowekwe kwenye maji ili isikauke ikapasuka. Mi nilisikia nikaamini, nikailoweka yangu usiku kucha, asubuhi nakuta ukungu mweupe umeanzia pembeni unaelekea katikati, nilitaka kulia. Sonara kuiangalia tu akasema hili si jiwe zima, ni tripleti, yaani kipande chembamba sana cha opali kimegandishwa na gundi juu ya kitu cheusi halafu juu kimefunikwa na kwatsi (madini magumu yanayofanana na kioo) au kioo chenyewe, na maji yakishapenya kwenye gundi ndo unatokea huo ukungu.

Kwa hiyo ukinunua ulizia. Kama ubavu wa jiwe haujazibwa na chuma liangalie kwa upande, ukiona mstari umenyooka kabisa kati ya rangi na weusi, kuna uwezekano mkubwa hapo pana gundi.

Jiwe zima la Australia, kama zile za Coober Pedy, maji limeshabeba ndani yake tangu ardhini na huna haja ya kuliongezea, linasafishwa na maji ya uvuguvugu, sabuni laini kidogo na kitambaa laini, basi. Za Wello kule Ethiopia ni habari nyingine, nyingi zinakunywa maji, rangi zinapotea jiwe linabaki kama tone la maji, ila usipaniki, liache likauke lenyewe taratibu hata siku kadhaa, kwa kawaida rangi zitarudi. Shida ni kwamba linakunywa na mafuta na pafyumu vilevile, na hivyo havitoki kirahisi.

Halafu ugumu wa opali ni 5.5 mpaka 6.5 kwenye skeli ya Mohs, kile kipimo cha ugumu wa madini cha 1 mpaka 10, wakati vumbi la kawaida lina chembe za kwatsi ambayo ni 7, so ukifuta vumbi kavukavu unalikwaruza mwenyewe, bora upulize kwanza. Moto, mvuke, zile mashine za masonara za kusafishia kwa mtikisiko, hapana kabisa.

Kwa kuvaa kila siku mi nashauri hereni au kidani, maana mkono unagonga kila kitu. Ukitaka lazima pete, chagua iliyozungushiwa ukingo wa chuma jiwe lote badala ya kushikwa na vikucha. Ile tripleti yangu bado naivaa na ukungu wake hivyohivyo, ila nikifika kwenye sinki inavuliwa kwanza.